Mwanangu ametimiza miaka 19, na kila mtu ana mpango naye

Mshauri, shikamoo kama umenizidi umri, na kama sivyo basi pokea salamu zangu. Naomba jina langu lisitajwe, maana Moshi ni mji mdogo na sokoni tunajuana.

Mimi ni mjane wa miaka 53, naishi Majengo, nauza ndizi soko la Mbuyuni. Nina watoto wanne. Watatu wana maisha yao: wa kwanza yuko Dar es Salaam, wa pili Mwanza, wa tatu ameolewa Arusha. Huyu kitinda mimba ndiye aliyenifanya nishike kalamu. Ana ulemavu wa akili. Alichelewa kukaa, akachelewa kutembea, na maneno yalianza kumtoka akiwa na miaka mitano. Alisoma kwenye kitengo cha elimu maalumu katika shule moja ya msingi hapa mjini mpaka mwaka jana, mwalimu wake aliponiita akaniambia kwa upole kabisa, "Mama, huyu sasa ni mkubwa mno kukaa na watoto. Sisi tumefika mwisho." Nikamuuliza, sasa anakwenda wapi? Akasema, "Nyumbani."

Tangu siku hiyo naenda naye sokoni. Yeye ndiye anayepanga meza. Mshare upande wake, ndizi ng'ombe upande wake, mzuzu mbele ili zionekane. Kuna jambo sikumfundisha mimi: anapitisha kidole gumba kwenye kona za ndizi, ikiwa bado zina makali anairudisha nyuma, ikiwa zimeshaviringa anasema, "Mtori," yaani zinafaa kwa supu ya ndizi. Hakosei. Fedha hajui kuhesabu, ila noti anazijua kwa rangi. Mteja akitoa ile nyekundu ya elfu kumi, ananiita kwa sauti, "Mama, kubwa!"

Sasa mambo mawili yamenitokea mfululizo. Mwezi wa tatu alimkumbatia binti wa sekondari ambaye huwa ananunua kwetu. Ni tabia yake, anayemjua anamkumbatia. Binti akashtuka, akapiga kelele, watu wakajaa. Kama si mbeba mizigo mmoja anayemfahamu kusimama mbele yake na kusema huyu ni wa mama fulani, sijui leo ningekuwa naandika nini. Alirudi nyumbani mdomo umevimba, na siku mbili hakugusa chakula. Akiwa na miaka tisa, watu hao hao walikuwa wanamwita aje awakumbatie.

La pili ni la ukoo. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, amesema kijana apelekwe mlimani Kibosho akae kwake, atakata majani ya ng'ombe na kuchota maji. Ila kihamba cha baba yake, yaani shamba la ukoo lenye nyumba ya wazazi, ambacho kwa mila yetu ni cha kitinda mimba, kiandikwe kwa mtoto wa shemeji, kwa sababu "huyu hawezi kumiliki", na huyo mtoto wake atamtunza maisha yote. Wanataka nisaini muhtasari wa kikao cha ukoo. Nilipopanda mlimani mara ya mwisho niliona masale, ile mimea ya kuonyesha mpaka, upande wa chini yamesogea hatua tatu. Sikusema kitu.

Binti yangu wa Arusha naye ana mpango wake. Anataka mdogo wake aende chuo cha ufundi cha watu wenye ulemavu pale Usa River, akae bweni. Amesema atalipa. Nilipositasita akaniambia, "Mama, unamlea kama yai." Neno hilo limenichoma mpaka leo. Nani atamfunga kamba za viatu? Nani atajua kwamba akinyamaza ghafla ni jino linamuuma? Hatujawahi kulala mbalimbali isipokuwa mwaka jana nilipolazwa siku nne kwa presha, na jirani aliniambia siku zote nne alikaa mlangoni.

Usiku nawaza jambo moja tu: nikifa, itakuwaje? Nimpeleke mlimani, nimpeleke Usa River, au nibaki naye mezani kwangu?

Mama wa kitinda mimba, Moshi

MSHAURI ANAJIBU

Dada yangu, tuko karibu rika moja, kwa hiyo niruhusu nikuite dada. Nimeisoma barua yako mara tatu. Pole kwa siku ile ya mwezi wa tatu, na umfikishie pole mwanao. Yule mbeba mizigo nitamrudia baadaye, maana kwangu ndiye mtu muhimu kuliko wote uliowataja.

Umeniuliza aende wapi. Ila ninavyoisoma barua, kuna mambo matatu ndani yake yaliyofungwa kamba moja: siku zake zipite vipi sasa, nani awe naye siku wewe haupo, na kihamba ni cha nani. Hukuyafunga wewe. Shemeji yako ndiye aliyefunga matunzo na ardhi pamoja, na binti yako amefunga ufundi na bweni. Mimi naomba tuifungue kamba kwanza.

Nianze na ardhi kwa sababu ndiyo yenye karatasi inayosubiri saini. Simwiti shemeji yako mdhulumu. Huenda anampenda mtoto wa kaka yake kweli, na huenda hayo masale yana maelezo yake. Lakini matunzo yanaweza kutolewa bila shamba kubadilishwa jina. Anayetaka kumtunza kijana anaweza kuanza mwezi ujao, kihamba kikiwa pale pale kilipo. Hukuniambia kama mirathi ya mumeo ilifunguliwa Mahakama ya Mwanzo, wala nani aliteuliwa kuwa msimamizi. Lijue hilo kabla ya kikao kingine. Msimamizi wa mirathi kazi yake ni kukusanya mali ya marehemu, kulipa madeni na kugawa kwa warithi. Usimamizi haumfanyi kuwa mwenye mali. Na muhtasari wa kikao cha ukoo si karatasi ya kawaida, ndio watu wanaokwenda nao mahakamani. Kwa hiyo usitie saini kabla hujausoma mbele ya mtu asiye wa ukoo huo. Tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, wasaidizi wa kisheria wanatambuliwa rasmi, na ofisi ya kata au ya ustawi wa jamii inaweza kukuelekeza kwao. Hawatozi. RITA, Wakala wa serikali wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, nao wanatunza wosia na wanashughulika na mambo ya udhamini, yaani mali kushikwa na watu kwa faida ya mtu mwingine. Waulize.

Lakini nisikufiche upande wa pili. Shamba linaweza kuandikwa jina lake, hata kwa hati ya hakimiliki ya kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, na bado likapotea kwa dole gumba moja lililolazwa kwenye wino na mtu aliyemnunulia soda. Na ukigombana na ukoo mpaka mlango ukafungwa, hati itabaki kabatini na yeye hana mtu wa kumzika mama yake pamoja naye. Atauhitaji ukoo. Ndiyo maana sikwambii ukatae wala ukubali. Nakwambia una haki ya kusema, "Hili la shamba lisubiri. Tuzungumze kwanza la kijana."

Na la kijana kule mlimani lina uzuri wake, tusilitupe. Kibosho hakuna umati wa sokoni. Pale yeye ni mtoto wa fulani kabla hajawa kitu kingine. Ng'ombe hawamcheki. Ila jiulize hili: akikata majani tangu alfajiri mpaka jioni, mwaka baada ya mwaka, kuna atakayeiita hiyo kazi? Au itakuwa ndiyo shukrani yake ya kula? Kisha kuna mtu ambaye hukumtaja hata mara moja. Mke wa shemeji yako. Maana kijana akiumwa usiku, akichafua nguo, akinyamaza kwa sababu ya jino, si shemeji atakayeamka. Ni yeye. Kwenye kikao cha ukoo alikaa wapi? Kama hajaulizwa, basi hiyo ahadi ya maisha yote imetolewa na watu ambao mikono yao haitafanya kazi hiyo. Mtafute, kaeni wawili jikoni, umsikilize.

Sasa Usa River. Binti yako hajakosea kukitazama kile kituo. Ni cha Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), kimefundisha ufundi vijana wenye ulemavu kwa miaka mingi, na kutoka Moshi ni karibu kilomita 60 tu kwenye barabara ya Arusha, mahali ambapo mama anaweza kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Serikali nayo ina vyuo vyake vya ufundi stadi na marekebisho kwa watu wenye ulemavu, kama Yombo kule Dar es Salaam, lakini kwa hali mliyonayo naona huko ni mbali. Popote utakapotazama, usiulize ada tu. Si kila chuo kinachopokea wenye ulemavu kimejiandaa kwa kijana mwenye ulemavu wa akili. Kingine kina njia nzuri ya kiti mwendo na mwalimu wa lugha ya alama, halafu kijana kama wako akawekwa nyuma ya darasa ashike ufagio. Uliza nani analala karibu na vijana usiku, na kijana akionewa anamwambia nani. Uliza pia waliomaliza mwaka juzi wako wapi leo. Hilo ndilo swali ambalo wazazi wengi hawaulizi. Nimeona vijana wakirudi nyumbani na cheti na cherehani, cherehani ikafunikwa kitambaa pembeni, kwa sababu hakuna aliyewaza nani atamletea nguo za kushona.

Hapa niseme neno kuhusu yai. Binti yako alilisema vibaya, lakini tulishike kwa upole tulione. Umeniuliza nani atamfunga kamba za viatu. Mimi nakuuliza, amewahi kufundishwa kuzifunga? Sikulaumu. Mama anayewahi haisi ya alfajiri hana dakika kumi za kungoja vidole vijifunze, anainama anafunga, siku inaendelea. Hivyo hivyo miaka inakwisha. Pale pale Moshi kuna kituo cha Gabriella, kinachofanya kazi na watoto na vijana wenye usonji na ulemavu wa akili, na kazi yao kubwa ni hiyo: kuvaa, kuoga, kupika, kununua kitu dukani na kurudi na chenji. KKKT Dayosisi ya Kaskazini nayo imekuwa na vituo vya kutwa hapo mjini kwa watoto wa aina hii. Waulize wanachukua umri gani, na kama hawamchukui, wakuonyeshe angalau namna ya kumfundisha nyumbani. Kama kamba zitashindikana kabisa, kuna viatu vya kubandika. Hakuna kijana anayekosa utu uzima kwa sababu ya kamba.

Kukumbatia, hilo ndilo la haraka kuliko shamba na chuo. Usingoje mtu. Mwanao hakufanya ubaya, alifanya lile lile alilosifiwa nalo akiwa mdogo, na hakuna aliyemwambia kwamba kanuni imebadilika siku mwili wake ulipokuwa wa mwanaume. Mfundishe salamu mpya: mkono tu, na mkono unakwenda kwa anayeutoa kwanza. Mfanye kila asubuhi kabla ya kutoka, na wewe mwenyewe nje ya nyumba msalimie kwa mkono, maana ukimkumbatia mbele ya meza umefuta yote. Waambie majirani wa meza wasikubali kukumbatiwa tena, hata kama wanampenda. Itamuuma. Atafikiri wamemchoka. Basi nyumbani, mlango ukifungwa, mkumbatie sana. Mfundishe na upande wa pili: kwamba naye ana haki ya kukataa mkono wa mtu, kuondoka, na kuja kukwambia. Vijana waliozoeshwa kutii kila mkubwa ndio wanaoumizwa na wakubwa, tena kimyakimya.

Nimrudie mbeba mizigo. Ulipokuwa unatafuta msaada mlimani na Usa River, msaada ulikuwa umesimama hatua chache kutoka kwenye meza yako. Mtu yule alimjua, akajua aseme nini, akasimama. Tafuta wanne au watano kama yeye, uwaambie waziwazi: huyu ni mwanangu, akipotea leteni hapa, akishikwa semeni hivi. Kisha andika karatasi moja. Anakula nini, dawa zipi, akinyamaza maana yake ni nini, simu ya dada yake. Toa nakala kwa jirani, kwa binti yako, kwa mwenyekiti wa mtaa. Siku nne za hospitali zilikuonyesha kwamba yale unayoyajua wewe yapo kichwani mwako peke yake.

Serikalini anza na NIDA, wanaotoa kitambulisho cha taifa. Amepita miaka 18 na kama hana namba, kila mlango mwingine utakurudisha hapo. Chukua cheti chake cha kuzaliwa, uende naye, asimame yeye kwenye foleni. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 inataka kuwe na kamati zao tangu ngazi ya mtaa na kijiji. Uliza mtaani kwako nani yumo, na umwandikishe. Sheria hiyo inamtaka pia mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuwa na angalau asilimia 3 wenye ulemavu. Hilo halitampa kazi lenyewe, lakini ni neno la kusema unapobisha mlango wa hoteli au kiwanda. Halmashauri nazo zinatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Ilisitishwa 2023, ikarudishwa mwaka uliofuata. Afisa maendeleo ya jamii wa kata ndiye anayejua utaratibu wa sasa. Ila kumbuka ni deni. Nimeshasikia jina la mtu mwenye ulemavu likitumika kuchukua fedha ambazo yeye hakuziona, na jina hilo likabaki na deni.

Hapo ndipo ninapowaza kitu kingine. Mwalimu aliyesema "Nyumbani" hakumwambia mwanao peke yake. Wenzake waliotoka kitengo mwaka ule wako wapi? Wazazi wao nao wamekaa na swali hili hili, mmoja Pasua, mwingine Njoro labda. Rudi kwa mwalimu, omba awakutanishe. Wazazi watano wakipokezana siku, mmoja anapumzika, mmoja anakwenda kliniki ya presha. Nao ndio wanaoweza kuwa kikundi chenye sauti kwa afisa wa kata.

Na kuhusu meza yako: umeiandika kama vile kubaki hapo ni kushindwa. Mimi niliposoma kile kidole gumba juu ya kona za ndizi niliona kijana mwenye ujuzi. Arusha kuna karakana inaitwa Shanga, watu wenye ulemavu wanageuza chupa kuwa vyombo vya kioo na shanga, na kazi yote pale imegawanywa, kila mtu na kipande anachokiweza. Hicho ndicho ambacho mwanao anafanya tayari. Je, unamlipa? Mpe ile noti ya buluu kila jioni, awe na kopo lake, Jumamosi aamue mwenyewe anunue nini. Mtu anayekata majani Kibosho naye alipwe. Atakayetoka Usa River naye alipwe. Sioni haja njia hizi tatu ziwe maadui. Anaweza kuwa sokoni siku nne, akapanda mlimani wikiendi, akajaribu chuo mwakani, na mkabadilisha kadiri mnavyoona. Hatari yake ni kuyumbishwa mno, na vijana wengi kama yeye hawapendi mabadiliko ya ghafla, kwa hiyo mwendo uwe wa polepole.

Barua yako ndefu yote ina sauti za mwalimu, shemeji, binti na yako wewe. Yake nimeisikia mara mbili tu: "Mtori" na "Mama, kubwa!" Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na kiini chake ni kwamba mtu asaidiwe kuamua, asiamuliwe. Najua ukimuuliza "Unataka kwenda Usa River?" atasema ndiyo, kwa sababu ukimuuliza chochote anasema ndiyo ili ufurahi. Basi usimuulize kwa maneno. Nenda naye Usa River siku moja, mkae mpaka chakula cha mchana. Mpeleke Kibosho alale siku tatu, wewe ukilala nyumba ya jirani. Tazama anakula? Analala? Anakaa mlangoni, au anatafuta kitu cha kupanga?

Ukiniandikia tena, niambie ulichokiona.